Mwamba wa miaka bilioni 2.7 na mfuko wa mnunuzi wa dhahabu

BEI ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 za Marekani kwa wakia moja Oktoba 2025. Mwaka 1999, wakati migodi mikubwa ya Kanda ya Ziwa ilipokuwa ikijengwa, wakia hiyohiyo yenye gramu 31.1 ilikuwa imeshuka hadi chini ya dola 260. Katika kipindi hicho wafanyabiashara wadogo wengi wa Geita, Kahama, Tarime na Nzega wamepata na wamepoteza, na mara nyingi kilichowatofautisha ni kitu kisichoonekana kwenye mizani ya sonara: aina ya mwamba waliouwekea fedha.

Anayefadhili duara la wachimbaji wadogo, anayenunua mawe ya mbale au marudio, na anayenunua hisa za kampuni ya utafiti huko ng'ambo, wote watatu wanaweka fedha katika kitu kimoja. Wanajiolojia wanakiita Kratoni ya Tanzania. Historia yake ni ndefu kupita kiasi, lakini ndiyo inayojibu maswali ya kawaida ya sokoni: kwa nini dhahabu iko huku na haiko kule, kwa nini almasi iko Mwadui na tanzanaiti iko Mererani, na kwa nini duara lililotoa vizuri mita za mwanzo hugeuka ghafla na kumla mfadhili wake.

Bara ndani ya bara

Kratoni ni kipande cha bara kilichoganda zamani sana, kikakaa imara, na hakijavunjika tena. Kipande cha Tanzania kinaanzia Dodoma na Singida, kinapita Tabora na Shinyanga, kinafika Mwanza, Geita na Mara, kisha kinavuka mpaka hadi Migori na Kakamega nchini Kenya na Busia upande wa Uganda. Sehemu kubwa ya Ziwa Victoria imekalia juu yake.

Msafiri anayetoka Dodoma kwenda Mwanza kwa basi huiona kratoni dirishani bila kujua jina lake. Mawe makubwa ya mviringo ya Singida, na yale yaliyopangana ziwani Mwanza, likiwamo Bismarck Rock ambalo limekuwa alama ya jiji, ni granaiti ya kratoni hiyo. Ni mawe yaliyopoa chini ya ardhi, na mvua na upepo vimeyafunua baada ya mamilioni mengi ya miaka.

Hata hivyo, mwenye fedha asiyavamie mawe hayo. Granaiti ndiyo iliyojaa katika kratoni, lakini dhahabu nyingi haimo ndani yake. Imo katika mikanda myembamba iliyobanwa katikati ya granaiti, ambayo wataalamu huiita mikanda ya mawe ya kijani kwa sababu madini yaliyomo huipa miamba hiyo rangi ya ukijani. Mikanda inayojulikana ni ya Sukumaland, ambamo Geita na Bulyanhulu zimo, Musoma–Mara, Kilimafedha, Nzega, Shinyanga–Malita na Iramba–Sekenke. Karibu kila jina la mgodi wa dhahabu linalotajwa Kanda ya Ziwa linaangukia katika mojawapo ya mikanda hiyo au kandokando yake.

Dhahabu ilivyoingia

Takriban miaka bilioni 2.8 hadi 2.7 iliyopita, mahali palipo na Geita leo palikuwa chini ya bahari. Volkano zilitapika uji wa moto ndani ya maji, ukaganda kuwa basalti. Majivu yalishuka juu yake. Bahari ya wakati huo ilikuwa karibu haina oksijeni, hivyo chuma kiliyeyuka ndani ya maji kama chumvi, kisha kikatua chini kwa tabaka pamoja na silika: mstari wa chuma, mstari wa silika, tena na tena. Mawe hayo yenye mistari ya chuma ndiyo yanayoonekana katika vilima vya Geita.

Baadaye ardhi ilibanwa. Tabaka zilikunjwa kama mkeka na kusimama wima, na granaiti ikapanda kutoka chini ikiwa bado laini kwa joto. Mwamba uliobanwa ulipasuka, na maji ya moto sana yenye salfa yakapenya katika nyufa hizo yakitoka kina cha kilomita nyingi. Maji hayo ndiyo yaliyobeba dhahabu, kidogokidogo, ikiwa imeyeyuka.

Hapo ndipo kuna siri ambayo kila mnunuzi wa mbale angefaa kuijua. Dhahabu husafiri majini kwa kushikana na salfa. Maji hayo yakikutana na mwamba wenye chuma kingi, salfa huiacha dhahabu na kukimbilia chuma. Chuma na salfa huwa pairaiti, na dhahabu iliyoachwa hudondoka palepale, mara nyingi ndani ya chembe za pairaiti zenyewe. Ndiyo maana mawe ya mistari ya chuma ya Geita yamekuwa ghala. Kwingineko, kama Bulyanhulu, dhahabu ilikaa katika mikanda ya kwatzi nyeupe iliyochanganyika na sulfidi, zikiwamo za shaba. Makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi yaliyoleta mgogoro mkubwa mwaka 2017 yalikuwa na shaba pamoja na dhahabu kwa sababu hiyo hiyo ya kale.

Kufikia takriban miaka bilioni 2.5 iliyopita kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Kratoni iliganda, ikatulia.

Kingo zina bidhaa nyingine

Baada ya hapo mabara mengine yaligongana na kratoni hii kutoka pande zote, na kila mgongano ulipachika ukanda mpya ukingoni. Kila ukanda una bidhaa yake, na mfanyabiashara anayechanganya kanda hizi huchanganya pia bei na wateja.

Kusini mashariki na kusini magharibi kuna mikanda ya Usagara na Ubende, ya takriban miaka bilioni 2. Ukingo huo wa kusini magharibi ndio wenye uwanja wa dhahabu wa Lupa, Chunya, ulioanza kuchimbwa miaka ya 1920, pamoja na eneo la Mpanda. Dhahabu ya Lupa ni ya karibu miaka bilioni 1.9, kwa hiyo ni changa kuliko ya Geita kwa zaidi ya miaka milioni 700.

Kaskazini magharibi, upande wa Kagera, kuna ukanda wa takriban miaka bilioni 1.4. Huko ndiko kuna nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, na bati la Kyerwa.

Mashariki kuna Ukanda wa Msumbiji, uliopikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, wakati bara kuu la kale lilipokuwa likiunganishwa. Joto hilo liliharibu mengi lakini likazaa vito. Tanzanaiti ya Mererani, iliyogunduliwa mwaka 1967, pamoja na rubi na tsavoraiti, vyote vimetoka katika ukanda huo. Anayeambiwa kwamba tanzanaiti imepatikana katikati ya granaiti ya Tabora ana sababu ya kurudisha pochi mfukoni hadi apate uthibitisho.

Almasi inataka mzizi mrefu

Almasi ina hadithi tofauti na ya dhahabu. Kaboni haiwi almasi ila kwa mgandamizo wa kina cha kilomita 150 na zaidi, tena katika joto lisilozidi mno. Mahali pa namna hiyo hupatikana chini ya kratoni tu, kwa kuwa bara kongwe huwa na mzizi mnene na uliopoa, unaoshuka ndani ya dunia kama shina la mbuyu. Mwaka 1966 mwanajiolojia T. N. Clifford aliliandika jambo hilo kama kanuni: kimbalaiti yenye almasi ya kibiashara hupatikana katika makratoni ya kale, na nje yake ni bahati nasibu.

Kimbalaiti ni uji wa moto unaolipuka kutoka chini ya mzizi huo na kupanda haraka, ukikwangua almasi njiani. Bomba la Mwadui, lililogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, lililipuka takriban miaka milioni 50 iliyopita. Mdomo wake una eneo la hekta 146, na ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kuchimbwa duniani. Humo ndimo lilimotoka jiwe la waridi la karati 54.5 alilopewa Malkia Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947, alipokuwa bado binti mfalme anayeolewa.

Sifa hizo zisimlevye mwekezaji. Mwadui hutoa karati chini ya 10 kwa kila tani 100 za mwamba, na karati tano ndizo gramu moja. Maana yake ni kwamba malori kadhaa ya mawe huzaa kitu cha kujaza ncha ya kijiko. Aidha, katika mamia ya kimbalaiti zilizokwisha kupatikana nchini, nyingi hazina almasi ya kulipa gharama. Kuwa na kimbalaiti shambani ni mwanzo wa utafiti, na bado ni mbali na kuwa na mali.

Milipuko hiyo pia si ya kale yote. Vilima vya Igwisi, magharibi mwa Tabora, ni volkano za kimbalaiti zilizolipuka takriban miaka 12,000 iliyopita, wakati watu walikuwa tayari wanawinda katika nchi hii. Ni miongoni mwa kimbalaiti changa kuliko zote zinazojulikana duniani.

Bonde la Ufa lilikwepa

Ushahidi mkubwa wa uimara wa kratoni ni ramani ya Bonde la Ufa. Ufa huo ukitoka kaskazini hugawanyika mara mbili. Tawi moja linapita Kenya na kaskazini mwa Tanzania, jingine linapita magharibi kupitia Ziwa Albert hadi Ziwa Tanganyika. Lilipofika kwenye kratoni halikuweza kuipasua, likapita kando kama maji yanavyozunguka jiwe mtoni.

Matokeo yake yanaonekana katika maziwa. Tanganyika, lililo ndani ya ufa, lina kina cha hadi mita 1,470. Victoria, lililo juu ya kratoni, halizidi sana mita 80, japokuwa ni pana kuliko yote ya Afrika. Lilijaa baada ya kingo za ufa wa magharibi kuinuka na kugeuza mito iliyokuwa ikielekea magharibi, takriban miaka 400,000 iliyopita.

Kwa mchimbaji, utulivu huo una faida moja na hasara moja. Faida ni kwamba ardhi isiyotikiswa humomonyoka polepole, hivyo sehemu za juu za hazina bado zipo. Ndiyo sababu mdomo mpana wa bomba la Mwadui haujafutika. Hasara ni kwamba mvua na joto vimekuwa na muda mrefu wa kuuozesha mwamba kutoka juu kwenda chini. Hasara hiyo ndiyo inayokula fedha za wengi.

Duara linapogeuka

Kila mfadhili wa Kanda ya Ziwa anaijua hali hii. Vijana wanachimba, jiwe jekundu linalovunjika kwa urahisi linatoka, karasha linasaga, zebaki inakamata, gramu zinahesabiwa. Mfadhili anaongeza fedha: timba, pampu, dizeli, posho. Duara linafika kwenye maji. Jiwe linabadilika kuwa gumu, la kijivu, lenye vimulimuli vya manjano. Ghafla gramu zinapungua. Watu wanasema dhahabu imehama, au eneo linahitaji mganga.

Dhahabu haijahama. Juu ya usawa wa maji, hewa na mvua vimeiozesha pairaiti kuwa kutu, na dhahabu iliyokuwa imefungwa ndani imebaki huru. Zebaki huikamata bila shida. Chini ya usawa wa maji, pairaiti bado nzima, na dhahabu imo ndani yake kama kiini ndani ya kokwa. Zebaki haiwezi kugusa kitu isichokifikia. Jiwe linaweza kuwa na gramu zilezile kwa tani, au hata zaidi, na bado sufuria ikatoka tupu.

Mfano wa hesabu unatosha. Tani 10 za mbale zenye gramu 8 kwa tani zina gramu 80. Kama zebaki imekamata asilimia 40, aliyesaga anaondoka na gramu 32. Gramu 48 zinabaki katika marudio. Katika mialo mingi desturi ni kwamba marudio hubaki kwa mwenye karasha, naye huyapeleka kwenye mtambo wa sayanidi na kukamata sehemu kubwa ya kilichobaki. Mchimbaji na mfadhili wamelipia kuchimba gramu 80, na zaidi ya nusu imekwenda kwa mwingine bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Zebaki nayo ina gharama isiyoandikwa kwenye daftari. Mvuke wake huharibu mishipa ya fahamu ya anayechoma na ya watoto walio jirani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi yake mwaka 2020.

Wakubwa nao walijifunza

Somo hilo la mwamba halikuanza leo. Wajerumani walianza kuchimba Sekenke, Iramba, mwaka 1909. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walipozingirwa na kukosa sarafu, walitumia dhahabu ya huko kupiga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, Tabora, mwaka 1916. Zilipigwa zaidi ya 16,000, na leo hutafutwa na wakusanyaji kwa bei inayozidi kwa mbali thamani ya dhahabu iliyomo.

Mgodi wa kwanza wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966 na kutoa takriban wakia milioni moja. Ulipofungwa wengi waliamini eneo limekwisha. Kilichokuwa kimekwisha ni uwezo wa mitambo na bei za wakati ule. Baada ya Sheria ya Madini ya 1998, Golden Pride ya Nzega ilianza uzalishaji mwaka huohuo, Geita mpya ikafunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, North Mara 2002 na Buzwagi 2009. Golden Pride na Buzwagi zimekwisha kufungwa, na hiyo nayo ni sehemu ya somo: mwamba ulikaa miaka bilioni 2.7, lakini mgodi unaweza kuishi miaka michache tu. Mauzo ya dhahabu nje ya nchi yalizidi dola bilioni 3 mwaka 2024.

Wanunuzi wa hisa wana kumbukumbu yao pia. Mwaka 1997 kampuni ya Bre-X ya Kanada iliporomoka baada ya kubainika kuwa sampuli za mradi wake wa Busang, Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Maelfu ya watu walipoteza akiba zao, na kampuni ndogo za utafiti kila mahali, pamoja na zilizokuwa Tanzania, zilipata taabu ya kuaminiwa. Kampuni inayosema iko katika mkanda wa mawe ya kijani imesema anwani tu. Kilicho ndani ya nyumba huonyeshwa na matundu ya kuchoronga na maabara isiyo na hisa katika kampuni hiyo.

Kabla ya kutoa fedha

Yapo mambo machache ambayo historia ya kratoni inamtaka mnunuzi ayafanye, na hakuna lililo ghali kuliko duara moja tupu.

Kwanza, aangalie ramani. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyopo Dodoma, ambayo chimbuko lake ni idara iliyoanzishwa mwaka 1925, huuza ramani za jiolojia kwa karatasi za maeneo. Ramani itaonyesha kama shamba linalosifiwa liko katika mkanda wa mawe ya kijani au katikati ya granaiti.

Pili, apime sampuli, tena aichukue mwenyewe, tena zaidi ya moja, na asiridhike na jiwe zuri aliloletewa mezani. Pairaiti hung'aa kuliko dhahabu. Ikigongwa nyundo hupasuka kuwa unga, wakati dhahabu hutanuka.

Tatu, aulize usawa wa maji uko mita ngapi na duara limefika wapi. Duara lililobakiza mita tatu kufika majini lisinunuliwe kwa bei ya mafanikio yake ya nyuma.

Nne, mkataba useme marudio ni ya nani. Neno hilo moja linaweza kuwa na thamani kuliko mgawanyo wote wa dhahabu ya kwanza.

Tano, ahakiki leseni Tume ya Madini, na mauzo yapitie masoko ya madini, ambayo yalianza kufunguliwa mwaka 2019, la kwanza likiwa Geita.

Serikali ilieleza mwaka 2023 kuwa ni asilimia 16 tu ya nchi iliyokuwa imepimwa kwa utafiti wa kina wa jiofizikia kutoka angani, na lengo lililowekwa ni kufika asilimia 50 ifikapo 2030. Wapo wanaolisoma jambo hilo kama ahadi kwamba utajiri uko kila mahali. Kratoni haikuugawa hivyo. Iliuweka katika nyufa chache, katika mikanda michache, na sehemu yake kubwa iko chini ya maji, imefungwa ndani ya jiwe gumu. Bei ya wiki ijayo hakuna aijuaye. Mwamba unaweza kujulikana leo, kwa nauli ya Dodoma na gharama ya maabara.